Mtoto Mwenye Mvi wa Olmotonyi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimekaa nayo moyoni karibu miaka miwili, kwa sababu kila nikitaka kuyasema naona kama mtu atacheka, na mimi nikichekwa huwa nanyamaza wiki nzima. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini soma mpaka mwisho, maana kuna jambo nataka ujihadhari nalo.

Kazi yangu ni kubandika stika na kufunga taa za urembo kwenye pikipiki na bajaji, pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Duka ni la Mama Eliasi, Mchaga mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Yeye anaongea na wateja, mimi nabandika. Hunitania mbele ya watu: "Huyu Mungu alimnyima mdomo akamwongezea vidole." Wateja wanacheka, mimi nainamia tenki la pikipiki kama sijasikia.

Siku moja alifungua mzigo wa mitumba ya vitu vya watoto akakuta boksi. Ndani mlikuwa na chombo cha anga cha plastiki, kile cha kubuni, cha watu wanaosafiri kwenye nyota. Kilikuwa kirefu kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameunganisha nusu, akachoka. Kilikuwa cha kijivu kitupu, chenye madirisha madogo kama punje za mtama, na karatasi ya stika zake ilikuwa haijaguswa.

"Nakitaka pale dirishani, kinawaka," Mama Eliasi alisema. "Mtu akipita na basi la Nairobi ageuze shingo. Ila usikifanyie kazi hapa, vumbi la hapa litazila hizo stika."

Akanipa ufunguo wa nyumba ya marehemu kaka yake, kule Olmotonyi. Mlinzi wake alikuwa amekwenda kwao msibani. Ningelala kule wiki moja, nilinde nyumba, nimalize kazi. Nilifurahi. Nilidhani wiki bila kuongea na mtu ingekuwa kama likizo kwangu.

Ilikuwa Julai. Kama hujawahi kukaa Olmotonyi mwezi wa saba, sikia: ukungu unashuka kutoka Mlima Meru saa nane mchana, unaingia kwenye misonobari, na saa kumi huoni uzio wako mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya peke yake, ukingoni mwa msitu wa kupandwa. Mtu pekee niliyemwona ni Mama Lemayani, Mwarusha jirani, aliyeniletea maziwa asubuhi. Akiondoka, nilikuwa nasikia sauti yangu nikikohoa tu. Siku ya pili nilijikuta nimekaa mlangoni namsubiri, na ilikuwa saa tisa alasiri tu, wakati yeye huja asubuhi.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Sisi stika ya pikipiki tunaibandika kwa maji ya sabuni, tunaisukuma na kadi ngumu mpaka mapovu yatoke. Nikafanya hivyohivyo. Stika ya kwanza, mstari mwekundu mzuri, ilijikunja ikashikana yenyewe kama ngozi ya maziwa. Ya pili iliteleza ikaanguka sakafuni. Maelezo yalikuwa ya Kijapani, sijui Kichina, lakini kulikuwa na picha ya bakuli na vidole. Niliikodolea macho jioni nzima ndipo nikaelewa. Stika zile hazibanduliwi. Unakata kipande, unakilowesha kwenye maji safi, unasubiri, halafu unaitelezesha taratibu kutoka kwenye karatasi yake mpaka kwenye plastiki, unaikausha kwa kitambaa bila kusugua. Ukiwa na haraka, imekwisha.

Taa nazo zilinisumbua. Nilitumia vitaa vya dashibodi za pikipiki, nyaya nyembamba na betri ya tochi. Nilipowasha mara ya kwanza chombo kizima kiling'aa kama chemli, maana plastiki ilikuwa inapitisha mwanga. Ikabidi nikifungue, nipake rangi nyeusi kwa ndani, nitoboe madirisha upya kwa sindano ya moto. Siku ya tatu, kwenye saa kumi na moja jioni, nikakifunga na kukiwasha. Madirisha yakawaka moja moja, meupe, na injini nyekundu nyuma. Niamini, kilikuwa kizuri. Nikakiweka dirishani, nikaacha mlango wazi harufu ya rangi itoke.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa na mvi kichwa kizima. Alivaa shuka fupi, la mtoto, lililoishia juu ya magoti, na miguu yake ilikuwa mitupu. Mimi ndiye niliyepaswa kusalimia, na nilishaanza kuinama. Lakini yeye alinitangulia. Alikuja hadi mbele yangu, akainamisha kichwa chake.

"Shikamoo, baba," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka minane au tisa.

Upande ule watoto husalimia hivyo: mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja juu yake na kuitikia. Mimi ni wa Maji ya Chai, lakini nilikuwa nimeshazoea. Sasa wewe ungefanya nini? Mzee wa mvi amekuinamia, anasubiri, na wewe ni mtu unayeona aibu hata kumwambia konda amezidisha nauli. Sikuwa na uwezo wa kumwambia "hapana mzee, umekosea." Nikaweka mkono. Nikasema, "Marahaba."

Nywele zake zilikuwa zimelowa ukungu. Na utosi, nakuambia kweli, utosi ulikuwa laini, unapigapiga chini ya kiganja changu kama wa kichanga.

Nilitoa mkono haraka. Yeye aliinua uso akatabasamu, akaenda kukaa sakafuni mbele ya chombo.

"Nimeona taa," alisema. "Hii gari inakwenda wapi?"

"Haiendi. Ni pambo."

"Mbona ina taa?"

"Ni za urembo tu."

Alicheka. "Baba, nani anawasha taa kama haendi?"

Ilikuwa baridi ya kufanya meno yagongane. Mimi nikisema neno mvuke ulinitoka mdomoni. Yeye aliongea na kucheka, na mdomoni mwake hamkutoka mvuke. Niliona. Ulitaka nikimbie? Na mimi najiuliza. Lakini nilikuwa na siku tatu sijakaa na mtu, na huyu alikuwa ameniuliza maswali na kusubiri majibu. Nilizima taa niokoe betri, na nilipoinua macho hakuwepo.

Kesho yake nikawasha mapema. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: niliwasha ili aje. Akaja, akainama, nikaweka mkono tena. Aliniambia anaitwa Saruni. Tulibandika stika pamoja. Nilikata, nikalowesha, na yeye alihesabu kwa sauti mpaka thelathini, akirukaruka namba kama mtoto anayejifunza, halafu anasema, "Tayari, baba." Alitumbukiza vidole kwenye bakuli akavitoa vikavu. Tulibandika ishirini na kitu, hata moja haikukunjika. Nilimwambia mambo ya dukani. Nilimwambia jinsi ninavyotaniwa. Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi kiasi kile.

Asubuhi, Mama Lemayani alipoleta maziwa, nikajikaza nikamuuliza, "Mama, huyu mzee Saruni anakaa wapi?"

Aliweka kidumu chini.

"Mzee gani?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, akafunga kanga yake upya.

"Kule juu, mwisho wa misonobari, kuna koko," alisema. Koko ni bibi kwa Kimaasai. "Huyo koko alikuwa na mtoto, Saruni. Alikwenda na mbuzi, ukungu ukashuka. Mbuzi walirudi. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Lakini huyu ana mvi, mama."

"Kwani angekuwa hai asingekuwa nazo? Umri umekwenda naye. Ila hakuwahi kutahiriwa, kwa hiyo bado ni mtoto, na kila mwanamume ni mkubwa kwake. Hata wewe." Akanitazama. "Alikusalimia?"

"Ndiyo."

"Ukaitikia?"

"Ndiyo."

"Na mkono ukaweka?"

"Nikaweka."

"Basi ni wako mpaka umfikishe kwao. Koko ni mgonjwa, hana siku nyingi. Mpeleke leo. Ukifika piga hodi, mama yake akikuitikia useme, 'nimemleta Saruni.' Ni hilo tu."

"Mama, twende wote. Wewe utasema."

"Mkono haukuwa wangu," alisema, akachukua kidumu chake.

Jioni ile Saruni hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Nipeleke nyumbani, baba." Kama vile alijua.

Sikuwa na tochi, betri yake ilikuwa ndani ya chombo. Nikakibeba mikononi kikiwa kinawaka. Yeye alishika ncha ya jaketi langu kwa nyuma. Tulipanda kati ya misonobari, mstari kwa mstari, ukungu mweupe pande zote, na mwanga wetu ulifika hatua tatu tu mbele. Njia nzima nilirudia moyoni: hodi, nimemleta Saruni. Hodi, nimemleta Saruni. Ni maneno matatu. Mtoto wa chekechea anaweza.

Tulifika. Palikuwa na uzio wa miti na lango la fito, na ndani nyumba ya mbao yenye mwanga mdogo. Nilisikia mtu akikohoa kikohozi cha kizee.

"Piga hodi, baba," Saruni alisema.

"Piga wewe. Ni kwenu."

"Mtoto akiwa na mkubwa hapigi hodi."

Ni kweli, hapigi. Nikafungua mdomo. Ndugu yangu, hakikutoka kitu. Nilijiona kwa macho ya watu wa mle ndani: kijana wa Sakina asiyejulikana, amesimama langoni kwa mgonjwa na kidude cha plastiki kinachowaka taa, anasema amemleta marehemu. Wangeniitia watu. Wangecheka, au wangelia, na yote mawili nisingeyaweza.

Mbwa akabweka. Sauti ya mwanamke kijana ikatoka ndani, "Nani huyo? Pita basi!"

Halafu ile ya kizee, nyembamba, "Nani yupo nje?"

"Ni mama," Saruni alisema nyuma yangu. "Sema, baba. Sema."

Mlango ukafunguliwa. Mtu akatoka na taa anakuja langoni. Alibakiza hatua chache anione. Na mimi, ili nisionekane, nilifanya jambo ambalo mpaka leo mkono wangu huu siupendi. Nilizima chombo.

Palepale jaketi langu likalegea.

Yule mwanamke alisimama langoni, akamulika kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nimejibana kwenye msonobari, hata pumzi nimeishika. Akarudi ndani. "Hakuna mtu, koko," nilimsikia akisema. Nikawasha taa kwa haraka, nikageuka. Ukungu mtupu. Kisha kwa mbali, chini kabisa ya msitu, nikasikia ile sauti ya mtoto ikiuliza, "Baba?" Mara ya pili ilikuwa mbali zaidi. Niliita jina lake. Ndiyo, wakati huo sauti ilitoka, tena kubwa, lakini hapakuwa na wa kuitika.

Koko alifariki alfajiri ile. Mama Lemayani alikuja na maziwa akanitazama usoni, akamimina, akaondoka bila kuuliza. Kilichonikata ni hicho, kwamba hakuuliza. Nilikaa siku mbili zaidi. Kila jioni niliwasha madirisha yote na injini mpaka betri ikafa. Hakuja.

Chombo kiko Sakina, dirishani. Watu kwenye mabasi wanageuza shingo kweli. Mama Eliasi anawaambia wateja, "Hizo stika kaziweka mwenyewe, hata moja haina povu," na mimi natoka nje.

Siku hizi watoto wakiniinamia, mikono naweka mfukoni. Wanasubiri, wanachungulia juu, halafu wanaondoka. Watu wanasema nimeanza kujisikia. Waache waseme. Na ukungu ukishuka Julai, hata nikiwa mjini kabisa ambako hakuna ukungu wa maana, jaketi langu linavutwa kwa nyuma, kidogo, kama mtu anayekukumbusha. Nimebadilisha jaketi mara mbili.

Kwa hiyo nakuonya. Ukipita upande ule, na mtu akakuinamishia kichwa, mtazame vizuri kabla hujaweka mkono. Ukiweka, mfikishe. Na ukiulizwa langoni kwa watu, "Nani yupo nje?", jibu, hata kama unatetemeka, hata kama watakucheka mpaka kesho. Kuchekwa kunaisha. Mimi nilinyamaza kwa muda wa mtu kutoka mlangoni hadi langoni, na mtoto wa watu bado anatembea kule.

Ni yeye peke yake duniani aliyewahi kuniita baba.