Sahihi Chini ya Jina la Mzee Luka

Mzee Luka Chiwanga wa Zuzu alifanya kazi ya tiba ya mionzi Dar es Salaam miaka kumi na saba, akarudi nyumbani Dodoma hospitali yetu ilipopata mashine yake ya kwanza. Mvi zilikuwa zimeshamjaa, shati lake halikukosa pasi, na wagonjwa wa saratani aliwaita kwa majina ya watoto wao. Akimlaza mtu kitandani humwambia, "Tulia kama unanyolewa." Mtu hucheka, kisha hutulia kweli.

Mimi, Devota, ndiye niliyekuwa mwenzake wa zamu. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine hupimwa. Kifaa cha kupimia huwekwa pale ambapo mgonjwa angelala, mionzi inawashwa, namba zinasomwa. Husomwa pia joto na mgandamizo wa hewa, maana hewa ya huku juu si ya pwani. Yote huandikwa kwenye fomu. Mmoja anapima na kusaini, wa pili anahakikisha kwa macho yake na kusaini chini.

Hayo macho yangu ndiyo aibu yenyewe. Mzee Luka alikuwa akinikabidhi fomu ikiwa imeshajazwa, nami nikisaini nimesimama. Ningemwambiaje mtu ninayemwamkia shikamoo kila siku, "Baba, hebu nionyeshe"? Kwetu kufanya hivyo ni kumwita mwongo mchana kweupe. Basi uvivu wangu nikauita heshima, nikawa nalala usingizi mzuri.

Mwezi wa Agosti akaja mwanafizikia mpya wa kusimamia vipimo vya mashine, Kinjal, binti wa wenye duka la vitambaa mjini, mpole wa maneno lakini macho yake hayamwogopi mtu. Alifungua faili la fomu, akapitisha kidole kwenye safu ya mgandamizo wa hewa.

"Hewa ya Dodoma imesimama siku kumi na moja?" akauliza.

Namba zilikuwa zile zile, hadi ile ya mwisho baada ya nukta. Akapima mwenyewe palepale, mara tatu. Mashine ilikuwa inatoa mionzi kuzidi ile aliyoandika daktari. Ilizidi kwa asilimia sita tu, lakini utumbo wa mtu haujui hiyo "tu".

Mzee Luka akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Macho yamekuwa yakififia," akasema. "Wiki mbili hizi namba za kile kifaa sizioni kabisa. Niliogopa mtaniondoa kwenye mashine, nikawa nanakili za jana."

Na ni yeye aliyekuwa akiwaambia wanaochelewa kuja hospitali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kinjal akaelekeza kidole chini ya karatasi. "Na sahihi ya pili?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee akasema, "Huyo mtoto nilimlazimisha. Alitaka kuhakikisha, nikamkatalia."

Ulikuwa uongo mtupu. Hakunilazimisha hata siku moja, nami sikuwahi kutaka. Nikaangalia viatu vyangu.

Matibabu yalisimamishwa, mashine ikarekebishwa, na daktari akawaita wagonjwa tisa, mmoja mmoja. Mzee Luka aliomba awaambie kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nilitakiwa niwepo.

Wa kwanza alikuwa Bibi Ruthu wa Kibakwe, mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Kwa siku kadhaa alikuwa akilalamika kuharisha, nasi tukimwambia ni kawaida ya mionzi. Alimsikiliza mzee hadi mwisho, kanga imebanwa kifuani.

"Nitapona?" akamuuliza daktari.

Daktari akasema dozi zilizobaki zitapunguzwa, na watamfuatilia kwa karibu. Zaidi ya hapo hakuweza kumwahidi.

"Makosa ni yangu peke yangu," Mzee Luka akasema. "Binti huyu asilaumiwe. Nilimzuia."

Bibi Ruthu akanigeukia. Akaushika mkono wangu, uleule wa kusaini, kwa mikono yake miwili iliyokonda.

"Pole, mwanangu," akasema. "Yeye ni mkubwa wako. Wewe ungefanyaje?"

Mzee Luka alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari alikuwa akinitazama. Nikasema, "Asante, bibi."