Wali wa Saleha Ulivyomwinua Biubwa

Kijiji kizima cha Kanga kilimjua Biubwa kwa mapishi yake na kwa kicheko chake. Ikiwa harusi, hitima au Maulidi, yeye ndiye aliyeitwa jikoni, na wali wake ulitoka punje punje. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kuwafikia wachota maji kisimani bila yeye kuondoka mafigani. Mumewe, Jumanne, alikuwa mkwezi wa minazi, mtu asiyesema sana akiwa chini wala akiwa juu.

Miaka ya kuinua masufuria makubwa ilimwachia Biubwa ngiri ya kitovu. Aliifunga kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Siku moja, akiwa anapeta mchele, ngiri ile ikakaza ikawa ngumu kama jiwe, akaanza kutapika. Jumanne na shemeji zake wakampakia mashuani, wakamfikisha kisiwani Chole, kwenye boma la Wajerumani. Bahati ilikuwa yao, kwani daktari alikuwapo, amekuja kuchanja watu ndui. Alimnusisha dawa ya usingizi, akampasua, akairudisha ngiri mahali pake, akamshona.

Alipozinduka, Biubwa hakuuliza juu ya jeraha. Aliuliza nani anamalizia kupeta ule mchele.

Kulipokucha akaja Hemedi, msaidizi wa daktari, mzaliwa wa kijiji cha Bweni aliyejifunza kazi hiyo Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari anasema leo uchezeshe nyayo, ukunje magoti na kuyakunjua. Kesho usimame, utembee kidogo."

Biubwa akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Nimeshonwa kama gunia, nawe waniambia nitembee? Uzi ukifumuka?"

"Haufumuki. Utafungwa tumbo vizuri, na mumeo atakushika."

Hemedi akavuta kigoda, akamweleza taratibu. Mtu aliyepasuliwa akilala tu bila kujinyoosha, damu hutuama miguuni, mwisho ikaganda. Donge lile likichomoka, hupanda mpaka kwenye mapafu likaziba njia. Yeye mwenyewe alipata kumuuguza bwana mmoja ambaye jamaa zake walimlaza kama yai, wakamkataza hata kugeuka. Mguu mmoja ukavimba, ukawa wa moto. Siku waliyomruhusu kuinuka alifika mlangoni tu, akashika kifua, akaanguka.

"Na jeraha lilikuwa limekwisha kupona," Hemedi alisema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Biubwa akajifunika shuka. Baadaye Jumanne akaona shuka inacheza upande wa miguuni.

Lakini kesho yake, ilipokuja kazi ya kusimama, woga ulimshika. Kila alipogusisha mguu sakafuni aliona kama tumbo linafunguka, akaurudisha kitandani. Walimbembeleza wote wawili, akawageukia ukuta.

Nyumba ya jirani na boma kulikuwa na harusi. Saleha, mjane wa ukoo wa Waarabu wa Manga, alikuwa anamwoza binti yake, na vigelegele vilikuwa vikiingia dirishani tangu asubuhi. Biubwa alilala akinusa. Alijua kitunguu kilipoingia, akajua bizari ilipofuata. Halafu akakunja uso.

"Jumanne, wali ule unaungua."

"Wana wapishi wao, mke wangu."

"Wana wapishi wa moto mkubwa. Nishike mkono."

Jumanne akasogea kitandani. Mkewe alikwisha kulala ubavu, akashusha miguu, akasimama, mkono mmoja tumboni na mwingine begani kwake. Wakatoka hivyo, hatua fupi fupi, mpaka uani kwa jirani.

"Dada yangu, rudi ukalale," Saleha alisema kwa hofu. "Utatutia msiba siku ya furaha."

"Msiba umo sufuriani. Ondoeni kuni, bakisheni makaa, na mengine palieni juu ya kifuniko. Na msikoroge, mtauleta ukoko juu."

Walimtii. Akawa anayazunguka mafiga polepole, akiagiza huku na kule, kiti alicholetewa hakukitaka. Wali ukaokoka. Kuonja alikatazwa, alipewa uji, akaunywa akiwatazama wageni wakila pilau, na hilo tu ndilo lililomkera.

Daktari alipokuta kitanda kitupu alifuata vicheko. Akasimama penye ua, akasema maneno marefu ya kwao, na Hemedi akayafupisha: "Anasema utembee hivi hivi kila siku, ila usiinue kitu."

"Mwambie siinui kitu ila sauti."

Tangu siku hiyo alikwenda kwa Saleha asubuhi na jioni, na wawili hao wakawa mashoga. Kila Hemedi alipomkagua, aliikuta miguu yake haina uvimbe wala joto. Jeraha likafunga, nyuzi zikatolewa, akapewa ruhusa.

Watu wa Kanga walimngojea ufukweni kwao na kitanda cha kamba, tayari kumbeba. Biubwa alikitazama, akawashukuru, akashika njia kwa miguu yake, wanawake wakimfuata kwa vigelegele. Wabebaji wakabaki na kitanda kitupu mabegani. Jumanne ndiye aliyeonekana kuchoka kuliko wote, maana tangu Chole hakupata usingizi wa kutosha. Wakamwambia apande yeye.

Akakataa. Walipofika kwenye mchanga mzito, akapanda.