Tisa Chini ya Tisini

Shule nilisoma madarasa matatu tu, lakini kuhesabu najua. Na siku ile niliona tisa imekaa chini ya tisini, imetulia kama iko kwao.

Sikuota. Niliiona kwenye kioo cha kompyuta ya hospitali, mchana kweupe.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali. Ana miaka saba. Mama yake, kitindamimba wangu, anafanya kazi mbali, kwa hiyo mtoto ni wangu kuanzia kuoga mpaka kulala.

Akaanza kujigonga kwenye milango. Nikadhani utundu, nikamfokea.

Nikampeleka hospitali, kumbe presha ya macho. Tena macho yote mawili.

"Bibi, huyu apasuliwe mapema," daktari akaniambia. "Mishipa ya jicho ikishakufa, hairudi."

Ila bingwa wa kupasua alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, na akija anapasua watu kumi tu.

Tukaenda kujiandikisha. Benchi limejaa. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja fundi viatu, mtoto wa jicho kamziba, hata tundu la sindano halioni. Tukapiga soga. Chiriku akamchekesha mpaka akashika mbavu.

Nilipotoka pale, kadi mkononi mwangu ilikuwa namba tisa.

Tisa, na wanachukua kumi! Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Siku ikafika. Chiriku hajatia kitu tumboni tangu jana, kama tulivyoagizwa. Binti karani akatoka na karatasi.

"Moja!"

Mtu akainuka.

"Kumi!"

Nikadhani karuka mstari.

"Kumi na moja! Kumi na mbili!"

Akaenda hivyo hivyo mpaka kumi na nane, karatasi ikaisha.

Fundi viatu alikuwa na namba kumi. Akashikwa mkono kuingizwa ndani, akageuza uso upande wangu. "Dada, mbona hawajakuita?"

"Wataniita tu," nikamjibu. Moyoni nikajisemea, watakuwa wametanguliza walio hoi.

Mwezi wa pili watu walikuwa wamejiandikisha kupita mia. Karani akatoka.

"Mia moja! Mia moja na moja! Mia moja na mbili!"

Benchi zima likaguna. Mwalimu mstaafu mwenye namba mbili akaniangalia, mimi nikamwangalia.

"Ingekuwa mtu anapanga, ningesema kuna shangazi yake humo," mwalimu akasema.

"Inapanga mashine," mlinzi akamjibu. "Mashine haina shangazi. Kaeni."

Tukakaa.

Mwezi wa tatu, kuanzia mia moja na kumi mpaka mia moja kumi na tisa. Tukakaa tena. Watu wakanisifu: bibi yule ana subira, hana makelele.

Nyumbani Chiriku akawa anatembea na mkono ukutani. Siku moja jua linawaka, ananiambia, "Bibi, washa taa."

Nikawasha.

"Washa basi."

Nilikwenda uani nikashika nguzo ya kamba ya nguo.

Mwezi wa nne nikajikaza. Asubuhi na mapema nikaenda dirishani kwa karani.

"Mwanangu, tisa mimi nitaitwa lini?"

Akatafuta. "Bibi, uko huku chini."

"Nani kaniweka chini?"

"Sijui, mimi nabonyeza kichwa cha safu ya namba, orodha inajipanga, natoa kumi wa juu." Akanitazama nilivyombeba mtoto mgongoni, mtoto wa miaka saba. "Haya. Leo nabonyeza tena, orodha igeuke, tuanzie na nyinyi wa chini. Sawa bibi yangu?"

Nilimwombea dua zote ninazozijua.

Karatasi ikatoka. "Tisini na tisa! Tisini na nane!"

Nikahesabu kwa vidole. Tisini na tatu. Tisini na mbili. Tisini na moja.

"Tisini!"

Kidole cha kumi. Karatasi ikaisha.

Nikarudi dirishani, sioni ninapokanyaga. Binti akageuza kioo cha kompyuta nijionee. "Pole bibi. Ona mwenyewe, ulikuwa wa kumi na moja."

Ndipo nikaiona. Tisini. Chini yake tisa. Chini ya tisa, themanini na tisa.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa kwenu tisini ikitoka inafuata tisa?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasogeza uso karibu na kioo, akashuka na kidole, akaikuta namba mbili ya mwalimu imekaa chini ya ishirini.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, bibi."

Akamwita fundi wa kompyuta. Kijana akatazama mara moja tu. "Hii safu imewekwa kama maneno, si kama hesabu. Inaangalia tarakimu ya mbele kwanza, kama mtu anayepanga majina. Moja, kumi na mia zote zinaanza na moja, basi zinakaa pamoja."

Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Hata chai isingepoa. Mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa.

Miezi minne.

Mwezi wa tano tuliitwa. Bingwa akammulika Chiriku jicho la kulia, akammulika la kushoto. Akazima tochi, akakaa.

"Bibi, ungemleta ile mara ya kwanza."

"Nilimleta," nikasema. "Nilikuwa hapo nje."

Hakumpasua. Hakukuwa na cha kuokoa.

Juzi hodi mlangoni. Fundi viatu, macho maangavu, kabeba ndala nyekundu za kitoto alizozishona mwenyewe.

"Dada, nimekuja kushukuru. Siku ile ningekataa kubadilishana kadi na wewe, mpaka leo ningekuwa gizani."

Ndiyo. Niliwaficha hilo.

Namba niliyopewa mimi ilikuwa kumi. Tisa ilikuwa ya kwake. Niliona tisa iko karibu zaidi, nikambembeleza. Nikamdanganya kwamba mtoto ana homa. Akacheka, akanipa. "Chukua dada, nafasi moja itanipunguzia nini?"

Chiriku alishavaa ndala, anazipapasa.

"Babu, zina rangi gani?"

Fundi akanitazama mimi kwa yale macho yake mapya. Nikaangalia sakafu.

Wenzangu, nawaachia hili moja. Ukiona namba yako imerukwa, inuka uulize siku ileile, hata kama wanakuambia mashine haikosei. Mimi nilikaa kwenye benchi miezi mitatu bila kuuliza, naitwa bibi mwenye subira.

Haikuwa subira. Niliogopa tu kufutwa kwenye orodha.