Mama Alikuwa Amefunga

Juzi, baada ya misa ya Jumatano ya Majivu, nilimwona mgonjwa wodini akisukuma bakuli la uji kwa mgongo wa mkono, nikamkumbuka mama.

Ilikuwa Kwaresima, alasiri, nyumbani kwetu Changamwe. Kila ndege ilipopita mabati yalitetemeka, na mama alifumba macho pale kitandani mpaka sauti ipotee. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, aliingia na uji wa mchele uliokuwa ukinukia iliki.

"Shikamoo, Bibi. Mama hali, amefunga," nilimwambia kwa fahari. Padre alikuwa ametuhimiza kufunga, na mama hakuwa amekula kwa siku nyingi. Niliamini hakuna Mkristo aliyemfikia.

Bi Mwanakombo alimtazama mama, akaketi. "Umenishinda hata mimi wa Ramadhani, mwenzangu. Sisi hufungua jua likizama. Leo nimelizamisha mwenyewe. Haya, fungua."

Mama alitabasamu, akapokea kijiko kimoja. Uji ulirudi wote, ukamtiririka kidevuni. Bi Mwanakombo alimpangusa taratibu kwa ncha ya leso yake, akinong'ona dua.

Sasa najua koo lake lilikuwa limezibwa na uvimbe. Nimesoma mengi juu ya uponyaji, wala sijaona ni wapi uliposhindwa kutufikia. Nikiulizwa Mungu alikuwa wapi, sina pa kuonyesha ila kwenye ile leso.

"Nimefungua, mwanangu," mama aliniambia. Nikafurahi, nikaumaliza uji uliobaki.