Jezi ya Mpinzani

Jezi ya baba bado inanukia sabuni ya kipande. Aliinunua kwenye mitumba kabla hatujahamia Marekani, bila kujua kuwa jina la mgongoni ni la kwotabeki, mrusha mpira wa futiboli ya Kimarekani aliyeitesa timu ya huku miaka nenda miaka rudi. Siku moja, dukani Landover, mji tuliohamia, wazee wawili mashabiki wa timu hiyo wakamzuia.

"Huyo alitutoa machozi!" wakasema wakionyesha lile jina, wakasimulia pasi zake kwenye theluji huku wakicheka, mkono begani mwa baba. Nilisubiri nimekumbatia maziwa baridi.

Ndani ya gari baba akasema, "Tangu tufike, hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha tupige stori, mpaka leo."

Akawa anaifua kila Ijumaa, aivae dukani Jumamosi.

Jana, baba akiwa hayupo tena, niliivaa mimi. Nilizunguka duka lile lile nikingoja mtu anisimamishe, mpaka maziwa yakapata joto mikononi.