Mlio Usiozimika

Fundi yule walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa watani hawakukosa la kusema. Alilipata kwa kazi. Mtu akileta redio inayokoroma, mafundi wengine wangeipima waya kwa waya, Sikio angeiwasha, akaiinamia, akafumba macho kama anayenong'onezwa siri, kisha akasema, "Kapasita ya pale karibu na transfoma." Na kweli ikawa hiyo. Mkewe alizoea kuwaambia wageni, "Huyu anasikia kapasita ikikohoa, lakini mtoto akilia yeye fofofo."

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, rafu ya redio mbovu alizozinyofoa vipuri, na pazia zito lililotenganisha kazi na familia. Watoto walikuwa wamekua na kwenda zao. Walibaki wawili, yeye upande huu wa pazia na mkewe upande ule.

Aliyeleta amplifaya alikuwa mkunga mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mkunga tu, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, watoto wa Sikio wakiwamo. Chombo chenyewe kilikuwa cha zamani, sanduku la mbao la kukuza sauti, lenye redio ndani yake, uso wa rangi ya fedha na vitufe vizito vya chuma. Marehemu mumewe alikinunua walipooana. Jumapili walikuwa wakisogeza meza ukutani, wanacheza wawili, hadi miguu ya mzee ikakataa. Kisha mzee mwenyewe naye akaondoka.

"Redio inasema vizuri," Mkunga alieleza. "Nikiweka santuri ndiyo taabu. Upande wa kushoto unakwaruza, mara unapotea kabisa. Na hizo santuri ndizo nilizobaki nazo, fundi. Nyumba imenyamaza mno."

"Niachie, mama. Hicho ni kidonda cha juujuu."

Wala hakujisifu. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, kama mnong'ono, kwa hiyo ndani ya amplifaya za namna ile kuna bodi ndogo ambayo kazi yake ni kuupokea mnong'ono huo na kuukuza kabla haujaendelea mbele. Hitilafu ikiingia pale, hata iwe ndogo vipi, nayo hukuzwa. Sikio aliifungua, akakuta kapasita mbili zimevimba na kuvuja, na swichi ya kuchagulia redio au santuri imefanya kutu. Akasafisha swichi, akabadilisha kapasita, akaweka santuri. Kushoto na kulia, sauti ikaja safi kama maji ya mtungi.

Kazi ilikuwa imekwisha. Laiti angefunga skrubu zake pale pale.

Lakini alikuwa na desturi. Kabla ya kumkabidhi mteja chombo, huinua sindano, huongeza sauti, kisha husikiliza ukimya. Amplifaya nzuri, alisema siku zote, utaijua inaponyamaza. Basi akasikiliza, na akasikia mlio. Haukuwa ule upepo mdogo wa kawaida. Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama birika lililosahauliwa jikoni.

"Hebu njoo usikie," akamwita mkewe.

Mkewe akapenya pazia huku akifuta mikono, akatega sikio kwenye spika. "Nisikie nini?"

"Huo mlio."

"Mimi nasikia kaupepo tu, tena kwa mbali."

"Basi rudi kwenye sufuria zako. Kazi hii si ya kila mtu."

Mama wa watu akarudi. Lilimchoma, lakini alilimeza.

Sikio akashuku transista za bodi ile, vipuri vyenyewe vinavyokuza sauti. Akazitoa za upande mmoja, akaweka nyingine. Mlio uko palepale. Akabadilisha za upande wa pili, mlio haukutikisika. Alikuwa bado anakuna kichwa Mkunga alipopita kuulizia mali yake. Akaomba awekewe santuri, na ilipoanza tu, bega lake likaanza kucheza lenyewe.

"Mbona kinaimba!" alisema. "Nipe niondoke nacho."

"Bado, mama. Kuna mlio."

"Mlio upi? Mimi siusikii."

"Wewe huwezi kuusikia. Lakini jina langu limo humu ndani. Nikikuachia hivi nitaumbuka."

"Fundi, kwa umri wangu huu mlio utanifanya nini?"

"Nipe siku kidogo tu."

Mkunga akaondoka. Mlangoni aligeuka kukitazama, kama mtu anayemwacha mgonjwa wodini na moyo wake haujatulia.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mrama. Bodi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko mwanawe wa kwanza, na kila alipoipasha moto kuyeyusha risasi ya kuunganishia, ilidhoofu. Vijia vya shaba vilivyobandikwa juu yake, vyembamba kama karatasi, vikaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Akaviunganisha kwa nyaya. Nyaya zikaleta ngurumo. Transista za asili, zilizolingana kama mapacha, zilikuwa zimekwisha kufagiwa pamoja na takataka. Alizozitoa kwenye redio mbovu hazikuelewana. Upande wa kulia ukawa unaguna, wa kushoto ukafa. Na juu ya maangamizi yote hayo, mlio ule mwembamba uliendelea kumcheka.

"Kiache, baba watoto," mkewe alimsihi. "Mwenyewe amesema kinaimba."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na huyu alibeba jina na methali pamoja. Alikula akiwa amesimama. Wateja wengine waliambiwa warudi baadaye, wakaenda zao kwa mafundi wengine.

Asubuhi moja umeme ukakatika mtaa mzima. Taa ya mezani ilizimika, feni ikazunguka kivivu ikasimama, na muziki wa jirani ukakatwa katikati ya neno. Sikio alikuwa ameinamia bodi. Akainua kichwa taratibu.

Mlio ulikuwapo.

Akachomoa waya ukutani, ingawa alijua vizuri kwamba hauna kitu. Mlio ulikuwapo. Akatoka uani, akasimama katikati ya nguo zilizoanikwa, na mlio ukatoka naye. Akaziba masikio kwa viganja. Hapo ndipo ulipozidi, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuufunika.

Mkewe alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelegea magotini.

"Haukuwa kwenye amplifaya," alisema.

Mkewe akaketi kizingitini. "Nilijua kuna jambo. Redio unaifungulia mpaka majirani wananung'unika. Nakuita, nakuita tena, ndipo unageuka. Nikasema labda ni ukali wa uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, baba watoto? Ungenirudisha kwenye sufuria zangu."

Sikio akainuka, akamwomba amsindikize hospitali.

Hospitalini, daktari wa masikio alimketisha katika kijumba kisichopitisha sauti, akamvisha vifaa masikioni na kumpa kitufe: akisikia chochote, abonyeze. Alikaa kitambo kirefu bila kubonyeza. Kisha akabonyeza mfululizo, kumbe daktari hajapiga sauti yoyote. Alikuwa akiujibu mlio wake mwenyewe. Daktari akamweleza kwa upole kwamba sauti za juu zimekwisha kumpotea, hazitarudi, na kwamba mlio huo hauna dawa ya kuuzima. Watu huuzoea, alisema. Mkewe ilibidi ayarudie maneno hayo njiani, maana mengine hayakumfikia.

Amplifaya aliibeba mwenyewe mpaka kwa Mkunga. Sebule ilikuwa nadhifu, santuri zimepangwa wima kwenye kabati, na kiti kimoja hakikuwa na alama ya kukaliwa. Akaweka chombo juu ya meza, akasema yote bila kuzungukazunguka: kwamba kilikuwa kimepona, kwamba ugonjwa ulikuwa kwake, na kwamba amekiua kwa mikono yake.

Mkunga alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikwambia kinaimba," alisema.

"Uliniambia, mama."

"Hakitengenezeki?"

"Redio itasema. Upande wa santuri, hapana."

"Mume wangu hakucheza na redio." Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. "Haya, fundi. Pole kwa maradhi. Ukitoka urudishie mlango."

Afadhali angetukanwa.

Sikio hakukaa kitako. Aliuliza kwa mafundi wenzake, wa karibu na wa mbali, mpaka mmoja akampatia kijisanduku kinachojitegemea, kinachofanya kazi ya ile bodi iliyokufa. Akakijaribu kwa mita, si kwa sikio, akakipeleka mbio kwa furaha aliyokuwa ameisahau. Mkunga alifungua mlango, akakitazama mikononi mwake. Nyuma yake kabati lilikuwa tupu.

"Nimezigawa," alisema. Kisha akarudia kwa sauti zaidi, kwani aliona hajasikia. "Santuri, fundi. Nimezigawa. Nilichoka kuzitazama."

Alirudi nyumbani na kijisanduku chake kwapani. Redio hakuzigusa tena kwa muda mrefu. Alitengeneza pasi, feni na mabirika, vitu ambavyo vikipona vinajulikana kwa macho. Watoto wa mtaa waliendelea kumwita Sikio bila kujua sababu, na akiwa amewapa mgongo walilazimika kuliita jina hilo kwa kupiga kelele.

Pazia la chumba cha mbele mkewe alilishusha siku moja kulifua, na hakulirudisha. Akasogeza kiti chake mezani. Mtu akileta redio, Sikio huiwasha na kumtazama mkewe usoni.

"Inasemaje?"

"Inakwaruza. Kama mtu anayepaa samaki."

"Upande upi?"

"Huu." Naye huonyesha kwa kidole.

Basi Sikio huchukua bisibisi, akaanza kufungua.