Dawa niliyoandikiwa hospitali, mama mkwe anasema ni limbwata

Admin, naomba unifichie jina, huku wote tunajuana.

Mwanangu sasa hivi kaniletea kopo la chooni. Sikumtuma. Nilikuwa nimeegemea ukuta nimeshika tumbo, yeye akaacha kiatu cha baba yake alichokuwa anakiburuta, akalivuta kopo kwa mikono miwili, maji yakammwagikia miguuni, akanikabidhi: "Mama, pu." Halafu akajipigia makofi. Hata miaka miwili hajafikisha. Watoto wa wenzangu wanajifunza kuimba, wa kwangu kajifunza kwamba mama akikunja uso anatakiwa kuletewa kopo. Nilicheka, halafu nikalia.

Nina miaka ishirini na tatu, naishi Rusimbi hapa Kigoma, nyumbani kwa mama wa mume wangu. Kwetu ni Burundi. Tulivuka ziwa na mama na dada yangu wakati wa vurugu nikiwa binti mdogo, nikakulia kambini, shule nikaishia njiani. Mume wangu ni Muha wa hapahapa, fundi wa injini za maboti. Ni mtu mpole, sijawahi kujuta kuolewa naye.

Shida ilianza nilipojifungua kwa kupasuliwa. Kidonda kilitunga usaha, nikachomwa sindano na kumezeshwa antibayotiki za kila aina. Kidonda kikapona, tumbo ndo likaanza. Naharisha mpaka jasho la baridi linanitoka. Nikipewa dawa linatulia, dawa ikiisha linarudi vilevile. Maziwa yalikauka mtoto akiwa bado mchanga. Sketi zangu zote sasa hivi nafunga na pini. Jamani, nimechoka, hata kuandika hapa napumzika kila baada ya maneno machache.

Ndipo tukampata daktari mmoja mgeni, mdada mdogo tu, akatukalisha mimi na mume wangu akatueleza vizuri. Alisema tumboni kwa kila mtu wanaishi vijidudu wazuri na wabaya. Zile dawa kali zimewaua wazuri, wabaya wamebaki peke yao wamejimilikisha nyumba, ndiyo maana hawatoki. Akasema kuna hospitali kubwa huko mbali wameanza kuwatibu watu wa aina yangu kwa kuchukua choo cha mtu mzima wa afya, kinapimwa, kinachanganywa na maji ya dawa, kinachujwa, halafu mgonjwa anawekewa kwa mpira kwa njia ya nyuma. Wale vijidudu wazuri wanaingia wanazaliana upya.

Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu. Mume wangu akacheka. "Kitu ninachokitupa kila siku, nikunyime wewe?" Daktari naye akacheka. Wakampima damu, wakampima choo, akaonekana hana tatizo. Dada yangu aliyebaki kambini alipimwa pia, akakutwa na homa ya ini, akaambiwa hafai. Kwa hiyo amebaki mume wangu tu. Daktari akaniambia tusichelewe kusafiri kwenda hospitali hiyo, maana tumbo likirudi kwa nguvu naweza kuishiwa maji mwilini kabla hata sijafikishwa hospitali.

Tuliporudi mume wangu akamweleza mama yake. Mama alikuwa anachambua dagaa, mikono ikasimama.

"Choo chako kiingie tumboni kwake?"

"Ni dawa, mama. Ya hospitali."

"Mwanangu, kucha tu watu wanafukia. Nywele tunachoma. Mwanamke akishakuwa na kitu kilichotoka mwilini mwako, tena kakiweka ndani yake, wewe utamsikiliza nani mwingine duniani?"

Wifi yangu aliyekuja kutembea kutoka Katubuka akadakia: "Mawe, mama yangu! Wenzio wanaweka kwenye chai kimyakimya, wewe wifi umeleta limbwata mpaka na daktari!" Wakacheka yeye na kaka yake, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini mama hakucheka. Akasema kwa Kiha, na Kiha na Kirundi changu ni mtu na ndugu yake, kwamba watu wa ng'ambo hawaji mikono mitupu.

Kinachoniumiza ni kwamba huyu mama siyo mbaya. Ndiye anayenifulia. Nguo zangu nilizochafua, ambazo mimi mwenyewe naona kinyaa kuzishika, anazifua kwa mikono yake na kuzianika bila kunisema. Uji wangu anapika yeye. Kinyaa hana. Anaogopa tu kumpoteza mwanae, ndiye wa kiume pekee aliyebaki naye.

Mume wangu tangu siku hiyo amepoa. Nikimuuliza safari anajibu, "Tusubiri kwanza, mama ni mama." Nikimuuliza tunasubiri nini, anatoka anaenda kwenye injini zake.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini nifanye nini. Nimbembeleze mume wangu tuondoke kwa siri, halafu nirudi kuishi nyumba moja na mama anayeamini nimemfunga mwanae? Au nitulie hivi hivi huku mwili unaisha? Msinitukane, mtu akitaka kucheka acheke, hata mimi huwa nacheka. Mimi nataka siku moja nimbebe mwanangu mgongoni mpaka sokoni Mwanga, nimnunulie nguo, turudi bila kuuliza watu choo kiko wapi. Na naamini siku hiyo ipo, kwa sababu daktari alini

Samahani, naitwa. Mama yuko uani ananiita nije na simu, anasema mwanae aachwe kama alivyo, nimpigie yule daktari sasa hivi nimuulize kama choo cha mwanamke wa umri wake na chenyewe kinaweza